Picha ya Naftali kwenye Meza ya Doña Eulalia

Jumapili, 27 Oktoba 1996

Doña Eulalia, bibi mwenye nyumba, ameanza kupanga meza yake sebuleni. Makreti ya matunda moja juu ya jingine, shuka jeupe, mishumaa, maua ya rangi ya chungwa yanayonuka kama bangi mwitu. Juu kabisa, picha za watu wake. Baba yake – alikuja Minnesota kutoka Mexico kung'oa viazisukari. Mume wake – alichinja ng'ombe kiwandani South Saint Paul mpaka mgongo ukapinda. Dada yake aliyekufa mdogo. Wote marehemu! Anasema watakuja Ijumaa na Jumamosi, sikukuu ya wafu kwao, watakula harufu ya chakula. Anasema hivyo hivyo tu, kama anayengoja wajukuu Krismasi.

Mimi mpangaji tu. Chumba changu kiko juu ya sebule. Harufu ya maua inapanda hadi kitandani.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimerudi kutoka kazini, nyumba ya wazee, miguu inawaka moto. Nikawasha taa ya sebuleni – Naftali! Mdogo wangu, katikati ya marehemu wa Mexico, mshumaa mbele yake. Na shati lake la drafti. Anacheka.

Doña aliitoa picha chumbani kwangu alipopeleka mashuka. Ananisikia nikilia, anajua habari ya meli iliyozama ziwani kwetu Mei, akaona mpangaji wake kasahau kumtengea mtu wake nafasi. Alidhani ananisaidia!

Nikainyakua. Nikamwambia kwetu huo ni uchuro. Maiti yake haijaonekana. Mama alipita uwanjani walikolazwa waliozama, akifunua uso mmoja baada ya mwingine, hakumkuta. Basi amekataa matanga, amekataa misa. Anasema Naftali hakupanda meli ile, yuko Uganda, atarudi. Ole wake atakayesema neno "marehemu" mbele yake.

Doña akakaa chini. Akaniuliza taratibu: na wewe, unasemaje? Nikapanda ngazi na picha yangu.

Jumatano, 30 Oktoba

Imaculata, mwenzangu kazini: "Brigi, hama nyumba hiyo! Renti ulipe wewe, choo mtumie na mizimu?" Nikacheka. Kisha kicheko kikaisha chenyewe.

Picha nimeificha chini ya godoro. Nalala juu ya ndugu yangu. Nasikia maji yakidondoka. Nimelikaza bomba la bafuni, nimelikaza tena. Si bomba.

Ijumaa, 1 Novemba

Asubuhi Doña aligonga mlango. Koti, kilemba, ndoo imejaa petali za yale maua. Akaomba nimshike mkono, njia inateleza.

Tukashuka hadi bondeni kando ya Mississippi. Maghala na maegesho ya malori, basi. Akasimama katikati ya maegesho: hapa palikuwa mlango wetu. Anasema mtaa mzima wa Wamexico ulikuwa bondeni hapa. Mto ukifurika waliondoa matope, wakarudi. Siku moja wakaambiwa wahame, nyumba zikabomolewa zote, vikajengwa viwanda. Watu wake wanaujua mlango huu tu, hawajui nyumba ya mlimani. Kwa hiyo kila mwaka anawamwagia maua kutoka hapa hadi kwake, wasipotee njia.

Dereva wa lori akapiga honi. Doña wala hakugeuka. Upepo ukabeba nusu ya petali, akaziokota, akazimwaga upya. Mwisho nami nikainama nikaokota.

Njiani akaniambia mfu asiyetengewa mahali hatulii. Anazunguka milangoni mwa watu, na baridi hii. Nikamwona Naftali na shati lile la drafti, bila koti – Minnesota! Nikalia pale pale Concord Street, mbele ya duka la mikate, watu wanatoka na mifuko yao wananitazama. Watazame! Mdogo wangu amekufa. Nimeandika. Amekufa.

Tulipofika nikaitoa picha chini ya godoro, nikaiweka mezani mwenyewe. Doña akamwekea mkate na glasi ya maji. Kila mfu hupewa maji, hufika na kiu. Nikaiondoa glasi haraka. Maji! Kwa Naftali! Doña akaziba mdomo kwa kiganja, maskini, akaenda jikoni kubandika maziwa. Tukampikia chai.

Kisha akaniomba nimfundishe kulitamka jina lake. Kesho, kwenye rozari, marehemu wote wanaitwa kwa sauti. Naf-ta-li. Akarudia mpaka akalipata.

Na Mama je? Sijui. Labda asijue kabisa.

Jumamosi, 2 Novemba

Naandika nimekaa sakafuni, chini ya simu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ndiyo siku yetu. Huku asubuhi, Mwanza jioni, Mama anangoja simu yangu kwa jirani, mzee Wambura. Nilidhani rozari itakuwa imeisha. Majirani wakachelewa, wakaanza tu nilipokuwa nabonyeza namba. Na simu yenyewe iko ukutani, mlangoni mwa sebule!

Mama mchangamfu leo. Amemnunulia Naftali viatu vya Krismasi, namba tisa, sijui kama mguu wake umeongezeka. Kuna mtu kamwona Kampala. Mimi: ndiyo Mama, ee Mama. Nimegeukia ukuta, kiganja kimefunika simu. Nyuma yangu majina yanaitwa, watu wanaitikia.

Sikufunika vizuri. Doña aliliita kwa nguvu zake zote, sawasawa, nilivyomfundisha.

Mama akaacha habari za Kampala. Kisha: "Brigi, nani huyo anamwita Naftali? Amefika huko? Jamani! Mpe simu. Mpe simu, mwanangu!"

Nikafungua mdomo. Kadi ikaisha, simu ikakatika.

Rozari inaendelea. Kadi nyingine ninayo hapa mkononi, mpya, sijaikwangua. Mama hawezi kuwa ameondoka. Atakuwa amesimama pale kwa mzee Wambura, simu sikioni, anamngoja Naftali aje aongee.