Beseni la Shaba Lililoitwa Chetezo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: tuhuma ya wizi wa chombo cha shaba
Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, mtaani anaitwa Mama Brashi
Umri: miaka 36
Kazi: mhifadhi wa vyombo vya madini, makumbusho
Makazi: kwa mama mkwe wake, nyuma ya kiwanda cha magodoro

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Kazi yangu ni kusafisha vyombo vya kale vya shaba na fedha, na kueleza vimetoka wapi na vilikuwa vya nini. Nimeisomea na ninaiweza. Mama mkwe wangu huiita kuosha vyombo vya marehemu, na hilo jina la Mama Brashi ni yeye aliyenibandika. Afande ameniambia hayo si lazima yaandikwe. Nimeomba yaandikwe.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Alhamisi, asubuhi, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alichukua beseni la shaba la mama yake kulipeleka kwa fundi, kwa kuwa mshikio mmoja ulikuwa umelegea. Karibu na fundi huyo kuna duka la vitu vya kale. Mwenye duka aliliona beseni, akataka kulinunua. Shemeji akakataa kwa sababu si lake. Hapo hapo mwenye duka akamkwida shati na kumpigia kelele za mwizi, akidai limetoka dukani kwake. Shemeji akaletwa hapa, akawekwa mahabusu.

Nilikuwa kazini mume wangu aliponipigia simu. Mama yao alikuwa ameshafika kituoni na mambo yalikuwa yamezidi kuharibika. Afande alimwuliza kile ni chombo gani, naye akajibu kwa uso mkavu kwamba ni bakuli la nyuzi. Hakusema uongo, tangu nimfahamu anawekea humo nyuzi na sindano. Alipoulizwa kwa nini bakuli la nyuzi liwe na kifuniko cha matundu, alisema ni ili nyuzi zipumue. Maafande wakacheka. Mwenye duka, suti imenyooka, akaeleza taratibu kwamba kile ni chetezo cha kale kutoka Uajemi, matundu ni ya kupitishia moshi, na yeye hufukizia udi humo kila asubuhi akifungua duka. Ikaonekana mwenye mali ni yule anayeijua. Shemeji akaambiwa Jumatatu atafikishwa mahakamani.

Nilimwambia mume wangu apite nyumbani, achukue birika la shaba linalozuia mlango wa jikoni usijibamize, alilete kituoni. Akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia alete birika. Mwaka nilioolewa nilimweleza mama mkwe kwamba vyombo vile viwili, alivyorudi navyo marehemu mumewe alipokuwa mpishi wa meli za mizigo, ni jozi. Aliniambia nyumbani kwake si makumbusho.

Nilifika hapa saa nane mchana. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mkoba kauminya kifuani, haniangalii. Nilijua ana hofu, maana yule kitinda mimba ndiye roho yake. Nikaomba ruhusa ya kumwuliza mwenye duka swali moja, nikapewa.

"Makaa unayaweka wapi, bwana?"

"Humo ndani, halafu nafunika," alisema.

Nikamwomba arudie ili afande aandike vizuri. Akarudia. Nikafunua kifuniko. Ndani kote kumepakwa bati, ile metali nyeupe laini ambayo haivumilii moto. Ukiweka makaa humo, bati linayeyuka na kutuama chini kama nta ya mshumaa. Hili lilikuwa limetulia, halina alama ya moto wala sizi. Mwenye duka akadai amelipaka bati upya mwezi uliopita. Nikamwonyesha afande mstari wa chokaa uliozunguka beseni kwa ndani, ule unaoachwa na maji. Kuujenga mstari mnene vile huchukua miaka, na moshi hauachi chokaa. Mwenye duka akaanza kusema huenda alilifananisha na jingine. Afande akamkumbusha kwamba mwenyewe alisema hufukizia humo kila asubuhi.

Hapo mume wangu akaingia na birika kwapani. Katikati ya kifuniko cha beseni kuna duara lililoinuka kidogo. Nikarudishia kifuniko, nikaliweka birika juu yake. Likakaa kimya, halikutikisika hata chembe, na zile nyota za ncha nane zilizochongwa kwa mkono kwenye beseni zilikuwa pia kwenye tumbo la birika, patasi ile ile, mkono ule ule. Nikasema kazi hii ni ya Moroko, si ya Uajemi, na ni ya kunawia mikono. Kule mgeni huletewa maji alipoketi, na matundu huficha maji machafu asiyaone.

Afande alitaka uthibitisho. Nikajaza birika bombani, nikamwomba anyooshe mikono juu ya beseni, nikammiminia. Maji yakapotelea chini ya kifuniko, mezani halikudondoka hata tone. Akanawa mara ya pili bila kuombwa. Mwenye duka aliomba atoke akapokee simu, akaambiwa akae chini. Nilifurahi sana na sikuificha furaha yangu.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, nimeyakubali, sikulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika haya mimi, koplo wa zamu, na ndiye niliyenawishwa. Mtuhumiwa ameachiwa huru. Mwenye duka anaendelea kuhojiwa. Kabla ya kumkabidhi mama mwenye mali vyombo vyake nilimwuliza tena, kwa utaratibu, hivi ni vitu gani. Alimshika shahidi mkono, akajibu: "Andika beseni na birika la kunawia, la Moroko. Ukiwa na swali jingine, mwulize mwanangu huyu, ndiyo kazi yake."