Mtoto Aliye Kaskazini

Pellam, Mississippi
9 Machi 1947

Mdogo wangu Vernice,

Salamu nyingi. Hatujambo, ila miguu ya Mama imevimba tena. Namkanda kila jioni, naye akikandwa anakusifia wewe. Kanisani amezungusha ile picha uliyotutumia, umesimama mbele ya nyumba ya matofali, mpaka mke wa mchungaji akauliza kama una vyumba vya wageni. Mama akamjibu kwamba Vernice wake huko anakaa meza moja na wazungu. Wote walikuwa wakila kuku niliyempika mimi, na hakuna aliyenitazama.

Sasa anataka kuhamia kwako. Naona wivu, na sioni haya kuusema. Kumuuguza ni kwangu, sifa ni zako. Mwambie kama utampokea.

Dada yako,
Ozella

Chicago
2 Aprili 1947

Dada Ozella,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi mzima.

Mama asije. Ile nyumba ya kwenye picha ni ya Bibi Whitcomb, tajiri yangu. Mimi nina chumba kimoja, na choo ni cha jengo zima. Mitaa mingine hawatupangishi sisi weusi.

Juzi Bibi Whitcomb na wenzake walisoma kitabu cha hadithi za huko Kusini, cha mpishi mweusi anayelishwa kwenye ngazi za nyuma. Walilia, dada, leso zikalowa. Mmoja alinishika mkono akasema, "Pole, Vernice. Wazungu wa kwenu hawana utu." Chai haijapoa, wakatia sahihi mapatano kwamba mtaa ule hakuna atakayemuuzia mtu mweusi nyumba, maana daktari mmoja wa meno, mweusi mwenzetu, ameulizia ile ya pembeni. Mimi nikarudi jikoni kunywa yangu kwa kikombe changu, kinachotundikwa mbali na vyao.

Nawe unanionea wivu! Wewe unayelala ukimsikia Mama akikoroma. Tafadhali usimsomee haya. Mwambie nina kazi nyingi.

Mdogo wako,
Vernice

Pellam, Mississippi
21 Aprili 1947

Vernice,

Salamu. Nimemsomea. Nilimsomea mbele ya kina mama wa kanisa, neno kwa neno, hata hicho kikombe. Nilitaka wajue.

Nilimsimulia na Bibi Tolliver ninayempikia. Alicheka sana, akasema watu wa Kaskazini ni wanafiki, yeye anawapenda weusi wake kama ndugu. Aliyasema hayo akiwa ndani, mimi niko nje kwenye ngazi za nyuma na sahani yangu ya bati.

Nikadhani sasa Mama atanigeukia mimi. Kumbe alikuwa anawaza nguo za kubeba.

"Wewe una nyumba, una kanisa, una watu," aliniambia. "Yule hana hata wa kunywa naye chai."

Nikamwambia hakuna nafasi. Akasema alishalala na watoto watano kitanda kimoja, kwa hiyo mmoja hatamshinda.

Treni yake itafika Jumamosi asubuhi. Nimemfungia kuku na mayai kwenye boksi la viatu, maana njiani hawamuuzii mweusi chakula. Mkande kwa maji ya moto yenye chumvi, uanze na mguu wa kushoto, ndio unaomsumbua. Asipokandwa hapati usingizi.

Nilitaka abaki tu, Vernice.

Dada yako,
Ozella