Jiwe Tulilolisogeza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia hapa Morogoro, ambako bado naitwa mgeni. Babu yako magoti yanamsumbua, ila kula anakula.

Unauliza kwa nini dimbwi la korongo letu huko Iguguno halijai mchanga, wakati kila mafuriko huuleta. Mimi nilijiuliza hivyo baada ya kuliharibu.

Nilikuwa msichana. Jiwe kubwa lililobana korongo liliwapa ng'ombe taabu kufika dimbwini, basi mimi na kaka yangu tukalisukuma kando kwa magogo. Mvua zilipokwisha, dimbwi lilikuwa mchanga mtupu. Ng'ombe walisimama juu yake wakinusa.

"Haya, mainjinia," baba alisema, "wanywesheni."

Kiangazi chote tuliwapeleka mbali. Njiani nilifikiri sana. Maji yakibanwa hukimbia na kuchimba. Yakipata nafasi hutembea polepole na kutua mzigo. Kumbe mafuriko yaleyale yanayoleta mchanga ndiyo yaliyokuwa yakiuzoa.

Tulilivuta jiwe kwa maksai, lakini halikurudi palepale. Mvua zilizofuata zikachimba dimbwi jipya, hatua kumi upande wa maji yanakoelekea kutoka tulipotazamia. Ng'ombe waliliona kabla yetu.

Wako,
Bibi