Mtoto wa Dranya Hakurogwa

Dada Rehema, shikamoo.

Hapa Koboko mvua imetulia, na nimeshiba ugali wa muhogo na mchuzi wa simsim. Leo nilimsindikiza mwenyeji wangu, daktari Zainabu, hadi Dranya, kwa msichana wa miaka tisa asiye na nywele, ngozi yake kama ya bibi kizee. Majirani walisema amerogwa, wakawakataza watoto wao kucheza naye.

Daktari aliwaita majirani wakae. Akawaeleza kwamba ndani ya seli kuna kiini, na ukuta wa kiini hushikiliwa na protini kama nguzo za nyumba. Mwili huibandika protini hiyo mafuta, kisha huyakata. Kwa msichana huyu hayakatwi, ukuta unapinda, na seli zinazeeka upesi.

“Hakuna mutu aliroga yeye,” alisema. “Dawa iko, inazuia mafuta kushika. Haiponyi kabisa, lakini inaongeza miaka. Mimi natafuta.”

Jirani mmoja akampakatisha msichana kichanga chake. Dada, nimemvulia kofia daktari huyu.

Wakumbatie wanao kwa niaba yangu.

Mdogo wako, Salma