Samli ya Mkwe na Utumbo wa Mama

Bi Mshauri, kuna mlio hauniondoki masikioni, mfuniko wa hotipoti ukifunguliwa, kisha sauti ya mama ikisema, "Ahsante, dada, naonja," naomba uniokoe, kwani mama amerudi kutoka Dar alikochomwa mionzi ya saratani ya kizazi na utumbo uliokuwa jirani ukaungua, daktari akatukataza mafuta, akasema mafuta yakiingia huita nyongo na maji ya kongosho, yale yanayomeng'enya chakula, nayo yakipita juu ya utumbo ulioungua huuchoma tena kama ndimu kwenye kidonda, lakini Bi Rawiya, mama wa mchumba wangu Hisham, huja kila Ijumaa na biriani ya samli, na kwetu mletaji haondoki mpaka mgonjwa aonje, basi mama hula kwa kumstahi mkwe, na mimi hufua mashuka mpaka Jumapili.

Nilimweleza Bi Rawiya habari za kongosho kama nilivyosoma kidato cha sita. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, bibi zetu wamekunywa samli kwa vikombe, na wamezikwa na matumbo yao."

Mama naye hunambia, "Utumbo utapona, Arwa. Uchumba ukivunjika haushonwi."

Basi Ijumaa iliyopita nimetia komeo. Mkwe kabaki barazani na hotipoti yake, mtaa ukimtazama, na Hisham hajaonekana tena.

Arwa, Kikwajuni

Arwa, umeniuliza kibla umeshatoa salamu ya kumaliza sala. Pole kwa mama, lakini una elimu ya utumbo, ya watu huna. Mkwe hafungiwi mlango, na huyu kaja na mapenzi yaliyozidi samli. Mama yako naye nampa lake: adabu haimlazimishi mgonjwa kuungua mara ya pili. "Siwezi, dada," hayo hayajavunja ndoa ya mtu.

Nenda leo kwa Bi Rawiya. Mpe shikamoo, umtake radhi kwa mlango, si kwa utumbo, na kongosho usiitaje. Mwambie mama anatamani mkono wake, ampikie uji mwepesi wa mchele na samaki wa kuchemsha, bila samli, bila tui. Kisha mfuatane naye kwa daktari akasikie mwenyewe kinachoruhusiwa; wa koti jeupe atamsikiliza kuliko mkamwana. Na huo uji aubebe Hisham. Akiona haya kumpelekea mgonjwa bakuli, mshukuru Mungu umemjua kabla ya harusi.