Minazi Minne ya Milalani

Msambweni,
9 Novemba 1967.

Kwako dada yangu Mishi binti Mwero, Voi.

Shikamoo dada. Mimi ni mzima, namshukuru Mwenyezi Mungu, na natumai barua hii itakukuta wewe na shemeji Kaingu katika hali njema, na kwamba lile goti lako limetulia sasa. Huku kwetu hatujambo sote. Mke wangu Mapenzi anakuamkia na anasema zile kunde ulizotuma zilifika salama, ila gunia lilitoboka njiani na watu wa basi walikula haki yao. Mvua za vuli zimeanza, barabara ya Ramisi ni tope tupu, na kwa hivyo gereji yangu ina kazi. Tope la wenzangu ndilo riziki yangu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kiti nikaisoma tena, maana maneno yale si ya kusomwa kwa kusimama. Ulianza kwa kunishukuru kwa jogoo wa Idi iliyopita, ukasema tangu uolewe hujaona jogoo mnene namna ile, ukaniomba nikuwekee mwingine mfano wake. Vizuri. Kisha ukaniambia kwamba nimemharibu mwanao. Ati ulinikabidhi Chande nimwangalie alipokuwa chuoni Mombasa, kwa kuwa mtoto ni wa mjomba wake, nami nikamjaza maneno kichwani mpaka ataka kuikataa kazi ya serikali, nia yangu ikiwa kupata fundi wa bure. Ukaniamuru nimwite, nimkalishe chini, aipokee ile nafasi ya uinjinia pale Kwale kabla mwezi huu haujaisha.

Dada, nimetuhumiwa mengi maishani, lakini fundi wa bure sijapata kumtaka. Fundi wa bure ni ghali sana. Nivumilie nikueleze mambo kama yalivyokwenda, ndipo uhukumu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, mkuu wa chuo chao alipita hapa kuelekea ufuoni kupumzika, gari lake likachemka mbele ya gereji yangu. Nilipokuwa nalishughulikia akawa anaangalia huku na huku, akaniuliza nilisoma wapi. Nikamwambia nilisoma chini ya magari ya watu, nikiwa na spana mbili na gunia la kulalia, na wewe ni shahidi. Ndipo akaniambia shida yake. Alikuwa na wanafunzi ishirini na sita wa uinjinia wanaomaliza, na tangu Uhuru kila mmoja wao anaamini kwamba kile kiti alichokiacha Mzungu kinamngoja yeye. Mkuu alikuwa amezunguka ofisi za serikali akivihesabu viti. Vilikuwa tisa. Akaniomba niende kila Jumanne nikawafundishe vijana wale namna mtu anavyoanzisha kazi yake mwenyewe asingoje kuajiriwa.

Nilikwenda miezi saba. Walinilipia nauli ya basi, na chakula cha mchana nilijinunulia. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani kila somo lilikuwa na jina la mwalimu wake, na penye somo langu paliandikwa mgeni. Mpaka siku ya mwisho nilikuwa mgeni. Nayasema haya si kwa kulalamika, nayasema ili ujue kwamba kama kuna mtu aliyenufaika na somo lile, si mimi.

Siku ya kwanza niliwaambia wachore kitu ambacho wangeweza kukiuza. Wiki ya pili wakaniletea daraja. Daraja zuri, dada, lina kila kipimo. Nikawauliza ni nani atakayelinunua. Kijana mmoja wa Taru, Mwinga jina lake, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, akajibu kwamba serikali italinunua. Nikamwambia basi amekirudia kiti kilekile kwa njia ndefu. Darasa likacheka, naye akacheka zaidi ya wote, nikampenda kwa hilo.

Basi nikawakataza penseli mwezi mzima. Niliwaambia waende wakakae mahali watu wanapofanya kazi, wakae kimya kwanza, kisha waulize. Wasiulize mtu anataka nini, kwa kuwa atataja gari na nyumba ya bati. Waulize jana ni kitu gani kilimchosha. Uchovu wa mtu hausemi uongo. Atakayejua kuupunguza kwa bei ambayo mtu huyo anaimudu, huyo ana kazi, na hatakuwa na haja ya kumwandikia barua bwana yeyote.

Chande na Mwinga wakawa wanakuja kwangu kila Jumamosi. Wanakula, wanalala, asubuhi hawaonekani. Nilidhani wako ufuoni na wavuvi, au kule kwenye viwanda vya miwa. Sikuuliza.

Siku ya kusoma ripoti ilipofika, mkuu naye akaja akaketi nyuma. Chande akasimama, akasema yeye na mwenzake wamechunguza mashine moja ya kusaga nafaka hapa pwani, hakumtaja mwenyewe. Akasema kina mama wa Milalani huondoka alfajiri na debe kichwani, wakifika huikuta mashine imefungwa kwa sababu mwenyewe yuko chini ya lori. Hungoja mpaka amalize lori. Wengine hurudi nyumbani adhuhuri na mahindi yaleyale. Kisha akaja kwenye unga. Akaeleza kwamba mashine haitoi unga wote, kiasi hubaki ndani ya bomba na kwenye mawe, na jioni mwenye mashine hulifungua, hufagia, na alichofagia huwapa kuku wake. Bi Esha, yule jirani wa marehemu mama, aliwaambia kwamba kuku wale anawajua mmoja mmoja, kwa kuwa ndiye aliyewalea, na kwamba akipita uani huwauliza kama wameshiba ama aongeze.

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mkuu akafuta machozi, akauliza mashine hiyo ni ya nani. Chande akainamisha kichwa. Nikasema ni yangu.

Nilikasirika, sikufichi. Wewe wajua kila mwenye mashine kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga hufagia unga wake, na hakuna aliyeuita wizi. Nilimngoja Chande nje, nikamwambia sijaona mtoto anayekula wali wa mtu kisha anamhesabia kuku. Akaniomba radhi kwa adabu zote, lakini akasema ni mimi niliyewatuma wakakae pale watu wanapochoka, na wao hawakuona mahali watu wamechoka zaidi ya barazani pangu. Nikamwambia gereji inanipa mara tatu ya mashine, siwezi kuacha lori la mtu kwa ajili ya debe moja, na tena kina mama wale hawana pengine pa kwenda. Hapo akanitazama vizuri. Akasema, taratibu, kwamba neno hilo la mwisho ndilo walilokuwa wakilitafuta mwezi mzima.

Mwezi wa nane walimaliza mtihani. Chande na Mwinga wakanunua injini kuukuu iliyotupwa katika shamba moja la mkonge, wakaifungua yote, wakaichonga, wakaifufua. Niliisikia ikilia, nilitafuta kosa, sikupata. Kwenye mdomo wa mashine ya kusagia waliyoiunganisha nayo wakafunga mfuko mrefu wa kitambaa cha amerikani, na pembeni wakaweka nyundo ya mti. Kila mama akimaliza, bomba hupigwa mpaka chembe ya mwisho iingie katika debe lake, ndipo mwingine aitwe. Kitu chepesi kabisa. Miaka kumi na moja nina mashine, na kitu hicho hakikunijia, kwa sababu hakikuwa kikinichosha mimi.

Mahali walipopataka ni Milalani, kando ya barabara, kwenye kiwanja cha Bi Kadzo. Mwinga akaenda kumlipa kodi, akaleta na nguzo siku ileile. Kwao Taru ni nchi ya mbuzi na miiba, mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilicho juu yake, basi akadhani yamekwisha. Bi Kadzo akaipokea kodi, akamwambia ardhi ni yake lakini minazi minne iliyo juu yake si yake, yeye kazi yake ni kufagia makuti tu tangu alipoolewa, na wamwendee mwenyewe. Na minazi ile haikuwa na budi kuondoka. Nazi moja tu ikianguka juu ya bati, na chini yake kuna injini inanguruma na kina mama wana watoto migongoni, utajua mwenyewe.

Wajua minazi ya Milalani ni ya nani. Ni ya marehemu mjomba Shutu, na aliturithisha sisi.

Chande alikuja asubuhi. Hakuja nyumbani, alikuja gerejini, kavaa viatu, akasimama wanaposimama wateja. Akaniomba nimuuzie minazi aikate, ili ajenge mashine itakayoniondolea wateja wangu. Alisema hivyohivyo, bila kupamba. Sijapata kuombwa jambo la namna ile na mtu yeyote, seuze mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Nilimwambia anipe siku chache. Dada, sikiliza vizuri hapa, maana wewe wadhani nilimsukuma. Neno langu moja lilitosha kuyamaliza. Ningesema minazi ya wazee haikatwi, na hakuna mtu Msambweni nzima ambaye angenilaumu, wangenisifu. Chande angekwenda Kwale, wewe ungefurahi, na mashine yangu ingebaki peke yake kama zamani. Nililipima jambo hilo nikiwa kazini na nikiwa msikitini. Kila nilivyolipima lilikuwa na faida kwangu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Miezi saba nimewaambia watoto wa watu wasingoje kiti. Huyu mmoja ameinuka, amekuja mbele yangu, na kumbe mimi nami nina kiti, nimekikalia, na sitaki kuinuka.

Nikamwambia akate.

Sasa nafika kwenye neno ambalo kwa ajili yake kalamu hii imekuwa nzito tangu juu. Katika minazi ile minne, mitatu ni yangu. Wa nne, ule uliopinda kuelekea kisimani, ni wako. Mjomba Shutu aliupanda juma ulilozaliwa, na kitovu chako kiko chini yake. Mnazi wa namna hiyo haukatwi mpaka mwenyewe aridhie kwa kinywa chake. Nilijua. Posta iko hapa, stempu ninazo, na sikukuandikia, kwa sababu nilijua ungekataa, na ungekuwa na haki. Nilimwambia Chande kwamba umeridhia. Mpaka leo yeye anaamini ulimpa baraka zako. Basi hasira zako zilete kwangu zote, usimgusie yeye.

Nilitaka kuwapa minazi bure, nikidhani nitapata usingizi. Mwinga akakataa. Akasema ni mimi niliyewafundisha kwamba kitu kinachoingia bure katika kazi hufanya bei iwe ya uongo. Mitatu yangu wananilipa kidogo kidogo. Wako Chande hakutaka uitwe umeuzwa, kwa hivyo wameuhesabu kuwa ni hisa. Katika mashine ile mko washirika watatu: Mwinga, Chande, na Mishi binti Mwero wa Voi. Na kisiki chako hawakuking'oa. Wamekichonga juu kikawa sawa, ndipo kina mama wanapoweka debe kabla ya kujitwisha. Kitovu chako hakijafukuliwa.

Kuhusu Kwale, siwezi kulitimiza agizo lako. Chande alikwisha kuandika kuikataa nafasi ile kabla barua yako haijanifikia.

Sikuahidi kwamba watafaulu. Injini ni ya zamani, na kazi ya serikali ina kiinua mgongo. Hesabu yangu ni hii: wakipata debe arobaini kwa siku, wataishi, wakipata ishirini na tano, watafunga kabla ya Idi kubwa. Juma lililopita walikuwa wanapata thelathini na mbili, na kumi na tisa katika hizo zilikuwa zangu. Jumamosi nilimwona Mapenzi akipita na debe lake upande wa Milalani. Nilijifanya natafuta spana.

Njoo Idi hii, wewe na shemeji, mfungo ukiisha. Ukitaka kunigombeza, nigombeze pale pale kwenye kisiki, mbele ya watu, sitajibu. Lakini kwanza mtazame mwanao anavyolipiga lile bomba. Msalimie sana shemeji Kaingu, na wote wanaotuulizia huko.

Na jogoo wako nimemfunga, anakungoja. Ila usitarajie unene wa Idi iliyopita.

Mimi ndugu yako,
Salimu wa Mwero