Mmea wa Uani kwa Sabaha

Dar es Salaam,
12 Mei 1957

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Natumaini goti limeacha kukusumbua na mvua hazijaangusha migomba. Mimi mzima wa mwili, ila moyo uko huko huko kihambani, kwenye migomba yetu. Winifrida anayekusomea nampa salamu. Asiruke mstari kama kawaida yake, na kile kitambaa kilichofungwa fundo nilichotia ndani ya bahasha asikifungue mpaka nimwambie.

Mama, nimewakumbuka mno. Kariakoo nikikuta mikungu ya ndizi za kwetu, nasimama naipapasa, hata mwenye mali huniuliza kama nanunua au naomboleza.

Kazi yangu ya ukatekista kwa askari polisi inaendelea. Padre ameniagiza nimtembelee kila askari mgonjwa, awe Mkristo awe Mwislamu, na kwa Mwislamu nisihubiri, nimjulie hali tu. Agizo hilo sikulipenda. Tumekua tukiambiwa watu wa pwani ni wa kukaa nao mbali, nami niliamini.

Mwezi uliopita konstebo mmoja alivunjika mguu akituliza fujo za mpira Jangwani, akawa anaugulia kwake Magomeni. Pantaleo, askari mmoja, mwenzetu wa Kilema, alinionya nisikanyage huko. Alisema mke wa konstebo, Mwislamu aitwaye Sabaha, anafuga mmea wa uganga uani na hataki mtu auguse. Nilikwenda nimeshika rozari mfukoni.

Sabaha alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Aliniletea maji ya kunawa na chai ya tangawizi, akaniomba nisubiri mgonjwa amalize kuswali. Kikombe sikukigusa. Nikachungulia uani kuutafuta huo uganga. Mama, lilikuwa isale! Isale letu la mpakani mwa kihamba, limepandwa kwenye debe la mafuta ya taa, majani yanang'aa. Nilicheka, kisha nikalia mbele ya mke wa watu. Chai nikainywa ikiwa imepoa.

Sabaha akanieleza kuwa mumewe alikuja nalo kutoka kwao, akamwambia kuwa huko aliyekosa humpelekea isale aliyekosewa, na hakuna awezaye kulikataa. Mumewe hakuthubutu kulipeleka. Majirani humwita Sabaha mchawi, naye hulimwagilia tu, kwa sababu kila jioni mumewe hukaa kulitazama.

Sasa nakiri, mama. Tangu mwanzo nilijua naenda kwa nani. Ningelitaja jina mapema, ungemwamuru Winifrida akunje karatasi. Ni Gaudens, mwanao, kaka yangu, ambaye ulitukataza kumtaja tangu alipobadili dini akaoa. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu goti lako.

Mguu unapona. Ana likizo mwezi Agosti na anatamani kuja, lakini hatapanda gari asipojua kama mlango uko wazi. Jani la isale amelikata Sabaha mwenyewe. Alisema ikiwa kosa ni kuolewa na mwanao, basi anayeomba msamaha ni yeye.

Winifrida, fungua kitambaa. Mpe mama, mkononi.

Nisalimie shangazi na wote wa ukooni, na ng'ombe mweupe usiache kumtajia jina langu. Nasubiri jibu lako, mama. Tunakusubiri watatu.

Wako mtiifu,
Tarsis